Mlio wa Mlangoni

Momanyi Nyangau wa Kiogoro alilinda mlango wa supamaketi yetu mjini Kisii kwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakumkamata mtu hata mmoja. Sisemi kwa ubaya. Hakukuwa na wa kukamatwa. Kazi yake ilikuwa kumpitishia kila mteja kifaa cha kutambua chuma, kwapani, kiunoni, mkobani, kisha kusema karibu. Mimi nilikuwa hatua tano tu ndani, kwenye mizani ya sukari na maharagwe, kwa hiyo nasimulia niliyoyaona.

Mwezi wa nne mvua iliingia kwenye kile kifaa, kikafa. Momanyi akamwarifu bosi wetu, Anyona. Anyona akamwambia aendelee kukipitisha tu, mwizi hawezi kujua. Kweli mwizi hakujua. Waliojua ni wateja. Mwalimu mmoja wa Ogembo alipimwa mara tatu, funguo zikiwa mfukoni, kifaa kimya. Akakataa kuingia.

"Hii kitu hailii," akawaambia waliokuwa nyuma yake. "Tutalipuliwa hapa bure."

Kwa siku tatu wateja walihamia duka la jirani. Anyona akaapa kwamba kifaa kisipolia Jumatatu, Momanyi atarudi kupalilia migomba ya baba yake. Na Momanyi ana binti, Marion, yuko chuo cha ualimu kwa nguvu za mlango ule.

Jumatatu kikalia. Niliinua kichwa nikatazama vizuri. Momanyi ana pengo la meno ya mbele, na kwaya ya Waadventista imempa pumzi. Alikuwa akilia kwa mdomo wake mwenyewe, tii-tii, uso umemkauka kama hakimu. Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba hata mimi nalipwa na Anyona.

Sasa shida ikawa, amlilie nani? Siku za soko wanaume huja kutoka vijijini na mapanga yaliyotoka kunolewa, yamefungwa gazeti. Hao walipita kimya. Panga ni la kukatia ng'ombe nyasi, nani aliogope? Momanyi aliyapokea kwa heshima, akayaegemeza ukutani karibu na mlango, wenyewe wakaenda kununua chumvi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini sisi tulikitafuta kwenye mkoba wa mgeni. Waliopigiwa mlio ni vijana wa rasta, wasafiri wenye begi kubwa, na Nasteho.

Nasteho, mama yake Istarlin, anauza leso ng'ambo ya barabara. Alizaliwa hapa hapa, na Kikisii chake ni safi kuliko changu. Kila siku saa nne asubuhi alimletea Momanyi kikombe cha chai ya tangawizi. Lakini akija kununua kitu na buibui lake, foleni hurudi nyuma hatua moja na akina mama hushika watoto wao. Momanyi aliwaona, akalia. Nasteho akamwaga mkoba mezani: simu, tasbihi, dawa ya kikohozi. Foleni ikapumua. Ikawa hivyo kila siku. Iliniuma, nikaendelea kupima sukari.

Wiki ya tano Nasteho alimsogelea, akasema polepole, "Baba Marion, nimeona midomo yako. Umeona nini kwangu?"

"Sijaona kitu, Mama Istarlin. Ni hawa watu."

"Hata mimi ni watu. Kesho nipitishe kimya."

Kesho yake akampitisha kimya. Mtu akasema mashine imekufa, na hapo akili zikatuhama. Waliokuwa ndani walitupa vikapu wakakimbilia nje, na mzee mmoja wa Nyamira akakanyaga panga lake mwenyewe pale ukutani, likamkata mguu. Huyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuumia katika duka letu.

Anyona akashuka kutoka ofisini. Akamwita Nasteho kutoka kwenye friji ya maziwa, akaamuru apimwe tena mbele ya wote. Nasteho akasimama na paketi yake mkononi, akimtazama Momanyi usoni. Momanyi akilia, ana kazi. Asipolia, Marion anarudi nyumbani. Momanyi akapitisha kifaa, kwapani, kiunoni, mkobani. Akakiweka mezani.

"Hii mashine ilikufa mwezi wa nne," akasema. "Mwenye alikuwa analia ni mimi. Huyu mama hana kitu. Hajawahi kuwa na kitu."

Nilidhani watacheka. Aliyejibu ni yule mwalimu wa Ogembo, kwa uchungu wa kweli.

"Sawa, ni wewe. Sasa mbona leo hukulia?"

Wengine wakaitikia kwamba hilo ndilo swali. Nasteho akarudisha maziwa, akavuka barabara. Momanyi akavua kofia, akamkabidhi Anyona, akaenda zake. Foleni ikabaki pale pale, maana hakuna aliyetaka kuingia bila kupimwa. Anyona akachukua kile kifaa, akaja mpaka kwenye mizani yangu, akaniuliza kama najua kupiga mluzi.

Nina watoto watatu shuleni Sironga. Nikamwambia nitajaribu.