Mama Nyayo na Alama Nne za Paa

Saa kumi na mbili asubuhi. Mvua imekatika, lakini majani bado yanadondosha maji. Mama Nyayo anachuchumaa kando ya kijito, anainua kiganja, na shemeji yake aliye nyuma anasimama palepale. Kila baada ya hatua mia husimama hivi, dakika tano nzima, bila hata kukohoa.

Kazi yake ni kutafuta dalili za wanyama: nyayo, kinyesi, manyoya yaliyonasa kwenye miiba, gome lililochanwa kwa kucha. Ameifanya kwa miaka kumi na tisa. Wenzake humtania kwamba akiingia nyumbani hukagua sakafu kwanza, salamu baadaye.

Lakini huu ni mwezi wa sita mfululizo fomu zake zinarudi tupu. Ofisi ya misitu imeshasema: njia hii ikikosa dalili hadi mwisho wa mwezi, wakata mbao watafunguliwa eneo lote. Umebaki mzunguko wa leo na wa Jumatatu.

Na leo, ajabu, dalili ipo. Alama nne za kwato za paa, mbichi kabisa, zinaelekea majini. Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye hubeba kamba ya kupimia, anamsogezea fomu na kalamu.

Mama Nyayo hapokei. Anainama mpaka pua inakaribia tope. Kila alama ina pengo dogo upande wa kulia, mahali palepale. Paa huyu ametembea kwa mguu mmoja. Anajiuliza ni kiumbe gani hiki. Kisha anakumbuka ukwato mkavu unaoning'inia ukutani kwa shemeji, masalio ya siku zake za uwindaji.

"Shemeji," anasema taratibu, "ulikuja hapa lini?"

Shemeji anatazama viatu vyake. Anakiri ilikuwa jana jioni, alipoaga kwamba anakwenda kuteka maji. Alitaka tu msitu upate mwaka mmoja zaidi kabla ya kukatwa.

Mama Nyayo hamgombezi. Naye angeutaka mwaka huo, tena sana. Anafuta alama kwa kiganja, moja baada ya nyingine, halafu anaandika sifuri.

"Wakigundua hii ya uongo," anamwambia, "siku tukileta ya kweli nani atatusikiliza?"

Njiani kurudi, anaeleza kinachomnyima usingizi.

"Zamani nikiinama, nywele zilikuwa zinanisimama. Nilijua kabisa kuna macho ya mnyama mahali fulani. Siku hizi nainama, nageuka, hakuna. Msitu mzima huu, hakuna anayenitazama."

Jumatatu ataipita njia hiyo tena, akitangulia peke yake, shemeji akimfuata kwa mbali. Akiulizwa anatumaini kuona nini, kwanza anaifunga fomu ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.

"Kuona baadaye," anasema. "Kwanza naomba nitishike, hata mara moja."