Uliza Chungu Kwanza

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyowapakulia wageni maharage magumu huku nikiapa kwamba yameiva. Nilikuwa bibi harusi mpya, nimepanda kutoka Uvira kuja kuolewa hapa Bukavu, katika nyumba ya wakwe zangu mtaa wa Kasha, kule Bagira. Kwetu Uvira, chini kwenye joto, muda wa maharage niliujua kama jina langu. Unayabandika, yakichemka unafagia ua, unafua, unaepua. Kuonja ni kwa wasiojua kupika. Basi siku ile nikafagia, nikafua, nikaepua. Wageni wakatafuna kwa adabu. Nilisikia meno yao.

Mama mkwe wangu hakunisema mbele za watu. Walipoondoka alikuja jikoni, akatoa harage moja chunguni, akaniwekea kiganjani.

"Libonyeze."

Halikubonyea.

"Mutoto wa Uvira," akasema, "uliuliza saa. Chungu hukukiuliza."

Mimi shule niliishia darasa la sita, na sentensi ile imenifaa kuliko nyingi nilizoandikiwa ubaoni. Ikawa msemo wa nyumba yetu. Mtu akileta habari ya kusikia, tunamwuliza kama amekiuliza chungu.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia. Mungu alimchukua msimu wa mvua uliopita, na mpaka leo napika chungu kikubwa kana kwamba atarudi kutoka darasani na njaa yake. Ameniachia kofia, miwani, na kipimajoto kirefu cha kioo alichokitunza ndani ya soksi ya sufi. Mtoto wetu Ramazani amerithi kazi yake, na kipimajoto nilimpa yeye. Ila hafundishi kama baba yake. Anafundisha kwa simu. Shule yao haina maabara, kwa hiyo ananunua mega za intaneti, anapakua video za majaribio yaliyofanywa nchi za mbali, anawaonyesha wanafunzi. Sitakudanganya, watoto wanazipenda. Mambo ambayo baba yake aliyachora kwa chaki, wao wanayaona yakitembea.

Lakini mimi simu siiamini. Mtu anayenisemesha bila kuniona uso, asiyejua ninaishi mlima gani, namsikiliza nikiwa nimeshika mlango.

Jumamosi moja akaja nyumbani msichana wa darasa lake anayeitwa Nsimire, pamoja na mama yake, muuza unga wa muhogo katika soko la Kadutu. Habari yao ilikuwa hivi. Ramazani aliwaonyesha wanafunzi video ya maji yanayochemka kwenye digri mia. Kisha akawapa jiko la makala, sufuria, na kipimajoto cha baba yake, wapokezane kuchemsha, kila mmoja aandike alichokiona, naye akatoka kwenda kikao cha walimu. Wote waliandika mia. Nsimire peke yake aliandika tisini na tano. Ramazani akaona huyu hakupima, ametunga tu, akamwambia alete mzazi, kwa sababu mtu wa kutunga hana nafasi katika darasa la sayansi. Angehamishwa. Na yule msichana alitaka kusomea udaktari.

"Prof, utusamehe," mama yake akaanza kabla hata ya kuketi. "Huyu mutoto iko na kichwa nguvu, hasikii. Kama ni kuandika mia, aandike mia, tumalize."

"Haikufikaka mia, mama," Nsimire akasema, akitazama viatu vyake.

"Wenzako wote walionaka mia!"

"Ni wao."

"Ni wao! Musikie! Katika Bukavu muzima ni wewe tu ndiye iko na macho?"

Ramazani akacheka, akamsukumia karatasi. "Nsimire, futa hapa, andika mia, mimi nitasahau. Ao basi ni kipimajoto cha marehemu papa. Kimezeeka, kimeanza kuota ndoto."

Hapo moyo ulinichoma, mwanangu. Ila ukweli usemwe: sikujua kama kimezeeka au la. Kitu cha marehemu unakitetea kama unayemtetea yeye mwenyewe, na mapenzi si ushahidi. Nilimshuku msichana kidogo. Nilikishuku kipimajoto, na simu niliishuku kama kawaida yangu. Lakini walionitia shaka zaidi ni wale wote wa mia. Kipimajoto kilikuwa kimoja, kimepita mikononi mwao wote. Kama kimezeeka, kiliwaonyeshaje wao mia barabara? Wahenga walisema wengi wape. Wape kiti, wape chakula. Ukweli haugawiwi kwa wingi wa watu.

Nsimire alishika kalamu. Akaitazama. Akaiweka chini.

"Prof, munihamishe tu."

Mama yake akajishika kichwa. Mimi ndipo nikafungua mdomo.

"Papa," nikamwambia Ramazani, maana ndivyo ninavyomwita mtoto wangu, "wewe mwenyewe uliyachemsha?"

"Niliwaonyesha video, mama. Ni ya wataalamu."

"Sikukuuliza wataalamu. Chungu ulikiuliza?"

Akanitazama. Amekua na msemo ule, hakuweza kujifanya hajausikia. Akaenda kuwasha jiko, akabandika sufuria ya maji na kutia kipimajoto.

Tukachuchumaa wote wanne. Maji yakaanza kutoa mapovu, yakaruka kama yamechokozwa. Mstari ukapanda, ukasimama tisini na tano. Ramazani akaongeza makala, akapepea mpaka jasho likamtoka. Haukusogea.

"Kimekufa," akasema.

Lakini yeye ni mtoto wa baba yake. Akaichukua tena simu, na safari hii hakuiuliza maji yanachemka kwenye digri ngapi, aliiuliza utajuaje kama kipimajoto kinadanganya. Ikamwambia akitie katika barafu inayoyeyuka. Kikiwa kizima kitasoma sifuri.

"Barafu?" mama Nsimire akaruka. "Jirani yangu wa samaki iko nayo!" Akapanda pikipiki hadi Kadutu, akarudi na mfuko wa barafu uliodondosha maji na kunuka samaki njia nzima. Tukakitia. Mstari ukashuka, ukashuka, ukatulia kwenye sifuri.

Ramazani akajifuta mikono. Kisha akaiuliza simu mara ya tatu, akiitajia kwamba sisi tuko mji wa juu milimani. Nayo ikamjibu, bila hata aibu, kwamba mahali pa juu hewa haiyalemei maji sana kama chini, na maji huchemka kabla ya kufika mia. Mia ni ya watu wa usawa wa bahari. Ilijua siku zote! Haikusema, kwa sababu hakuna aliyeiambia tunaishi wapi. Nami nikayakumbuka maharage yangu: kumbe maji ya huku yanaruka kama ya Uvira, lakini moto wake si ule.

Nsimire alibaki darasani mwake. Jumatatu Ramazani aliwaeleza wote yaliyotokea, kisha akauliza, "Na nyinyi mulioandika mia, muliionea wapi?"

Mwisho mmoja akajibu, "Kwenye simu yako, prof."

Jioni alirudi akasukuma sahani pembeni. "Mama, siwezi hata kuwaadhibu."

"Huwezi," nikamwambia. "Mia yao uliipika wewe."

Mwanangu, wewe unayefundisha au utakayefundisha, sikukatazi simu. Ndiyo iliyotufundisha kukipima kipimajoto, na mimi hilo nisingelijua. Lakini ishuku kama unavyomshuku mgeni mwema: mpe kiti, kisha mwulize ametoka wapi. Video ikisema, chemsha na wewe, hapa, kwa maji ya bomba lako na makala ya soko lako, na usiwaache watoto peke yao na jibu ambalo tayari umewaonyesha. Mtoto akikuletea namba isiyofanana na ya wenzake, usianze kwa kumtafuta mwongo. Njia ya mwongo ni fupi, na siku ile wote waliipita ile ile ila mmoja. Na mimi pia nishuku, maana ni mjane, na ningeweza kukitetea kioo cha mume wangu hata kama kingekuwa kimevunjika.

Mungu akupe jicho la kuona kilicho mbele yako, na mkono usioandika usichokiona. Akupe wanafunzi wenye kichwa nguvu, angalau mmoja. Na siku utakapokosea, akupe mtu wa kukuwekea harage kiganjani, kwa upole, wageni wakishaondoka.