Madirisha Yenye Tumbo

Kama kuna mtu Goma aliyejua kuweka chuki bila kuiacha ichache, ni Bénita Umurerwa. Wala hakuificha. Wanawake wa mtaa wake wa Mabanga walipomshauri amsamehe Paul, alijibu akiwa anacheka: "Paul nitamusamehe siku atazikwa, na ile siku pia nitachelewa kanisani."

Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, mtoto wa mfugaji, akaletwa mjini na mama yake akiwa na miaka tisa. Walipanga chumba cha mbao Mabanga, na huko ndiko alikokulia. Kazi ya kuchomelea vyuma hakufundishwa na mtu. Paul Ndayambaje alimwajiri afagie karakana yake ya Kyeshero, naye akawa anafagia huku anatazama, hadi siku moja akashika mashine Paul alipokwenda kula. Macho yalimwaka majuma ya mwanzo, akalala na vipande vya kiazi kibichi juu ya kope kama wachomeleaji wote wa mji huu. Lakini mkono wake ulikuwa mtulivu, mtulivu kuliko wa Paul, na Paul alilijua hilo vizuri sana. Kwa miaka kumi milango na ngazi zilizotoka pale zilikuwa kazi ya Bénita, na kibao cha nje kilikuwa na jina la Paul.

Hilo angeweza kulivumilia. Asiloweza kulivumilia ni lile la siku walipopeleka lango jipya la kanisa. Mchungaji aliyatazama maua ya chuma yaliyosokotwa juu ya lango, moja moja, akageuka mbele ya waumini wote waliotoka ibadani akauliza: "Na uyu mama naye, anafanyaka nini?"

Paul hata hakumwangalia. "Uyu? Ananishikiaka tu chuma, pasta."

Watu walicheka. Si kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha Jumapili, lakini Bénita alikipokea kama kofi. Kesho yake aliacha kazi, akafungua karakana yake ndogo kando ya barabara, akaitwa Mama Mushika-Chuma tangu hapo. Wateja wakamwita hivyo, na wachuuzi wa makaa, hata shemeji yake. Kila alipoliitikia jina hilo, moyoni aliongeza deni la Paul.

Alichotaka hakikuwa kikubwa. Alitaka Paul asimame mbele za watu na kusema kwa kinywa chake kwamba kazi ni ya Bénita. Basi.

Miaka miwili ikapita. Kisha Paul mwenyewe akaja Mabanga, amevaa kofia, anazungukazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alikuwa amepata mteja. Muzee Éphraïm Hitimana, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikuwa na tela kuukuu ambalo zamani lilibeba magunia ya viazi kutoka Bunagana, na alitaka ligeuzwe nyumba. Nyumba kamili, yenye kitanda na mahali pa kupikia, inayoweza kuvutwa na lori. Paul alikwishasema ndiyo, na sasa hakujua pa kuanzia.

"Njoo unisaidie, Bénita. Weye njo uko na ile akili ya kupima."

"Nitakuja," Bénita alisema. "Lakini siku ya kuitoa, utaambia watu nani aliitengeneza."

"Bien sûr, nitaambia!" alisema Paul, haraka mno.

Bénita aliposikia haraka hiyo alijua anadanganywa, akaenda hivyo hivyo. Majirani walishangaa. Hawakujua kwamba mtu akitaka kumlipiza mwenzake kisasi, afadhali awe karibu naye.

Muzee Hitimana alikuja siku ya kwanza kueleza anachotaka. Mke wake, Mama Alliance, alikuwa hatembei kwa miaka mingi, miguu ilikwishakataa. "Tumeshakimbia mara tatu," alisema Muzee. "Ya kwanza nilimubeba ku mugongo. Ya pili tulimulalisha ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, mwenyewe anasukuma, mi nashika kichwa yake isigonge mbao. Ya tatu sitaki hata kuisema. Sitaki tena bibi yangu abebwe sawa gunia ya viazi. Nataka nyumba yenye itakimbia na ye ndani."

Hapo Bénita alisahau kidogo chuki yake. Alimwomba Muzee amlete mama mwenyewe, akampima akiwa amelala: urefu wake, urefu wa mkono wake, mahali macho yake yanapofika akiegemea mto. Alitengeneza kitanda cha chini kando ya mlango, na bomba la chuma la kushikia ili aweze kujivuta akae. Rafu aliziwekea ukingo ili sufuria zisianguke njiani. Pembe ya jiko la makaa aliizungushia bati, na kuta akazifunika triplex, mbao zile nyepesi. Dirisha la upande wa kitanda alilishusha hadi usawa wa mto.

"Nitakuwa naona barabara," alisema Mama Alliance, akagusa ukingo wa dirisha lile ambalo bado lilikuwa tundu tupu.

Kisha, nyuma ya karakana, akakikuta kibao. Kilikuwa kipya, kimeegemezwa ukutani, rangi bado inanuka: MAÎTRE PAUL, MTENGENEZAJI WA NYUMBA ZA MAGURUDUMU. Kilikuwa na matundu manne tayari ya kukipigilia mgongoni mwa tela. Bénita alikisoma, akakirudisha kama kilivyokuwa.

Siku hiyo hiyo Paul alikuja na wazo. "Ku madirisha tutie antivol ya tumbo."

Kila mtu Goma anazijua. Ni vyuma vya dirishani vya kuzuia wezi, lakini badala ya kunyooka vinachomoza nje kama tumbo la mama mjamzito, mwenye nyumba aweke maua au sufuria. Kwa nyumba ya mawe zinapendeza. Bénita aligeuka akalitazama lango la Paul. Ukuta wake ulikuwa fahari ya mtaa, mawe meusi ya volkano yaliyoshikwa kwa saruji, na nguzo mbili nene kila upande wa lango. Tela lilipoingia likiwa tupu lilibakiza nafasi ya kiganja huku na kiganja kule.

"Tumbo kubwa?" aliuliza.

"Kubwa! Watu waone."

"Ndiyo, patron," alisema Bénita.

Paul alipoondoka alichukua utepe, akapima lango, akapima tela. Mkono wake ulikuwa mtulivu kama siku zote. Kwa kawaida antivol angezifunga kwa bulon na nati, zitoke mtu akitaka. Safari hii alizichomelea moja kwa moja kwenye mbavu za tela, pande zote mbili, mshono juu ya mshono, akisikia utamu aliokuwa hajausikia kwa miaka miwili. Mahesabu yake yalikuwa rahisi. Jumamosi, siku ya kulitoa tela, watu watakusanyika, Paul atatoa hotuba, lori litavuta, na nyumba itagoma langoni. Paul atabomoa ukuta wake kwa nyundo mtaa mzima ukimcheka. Muzee atasubiri siku mbili tatu, si neno.

Ila Jumamosi hiyo haikufika kama alivyopanga. Kabla yake mlima wa volkano ulitapika moto, na ingawa lava ilisimama kabla ya kuufikia mji wenyewe, ardhi haikutulia. Ilikuwa ikitikisika mchana na usiku, kuta zikipasuka. Asubuhi ya Alhamisi iliyofuata redio zikatangaza watu watoke mjini. Mji wote ukaingia barabara ya kwenda Sake, na godoro, na mbuzi, na watoto. Bénita alifungasha vitu vyake. Halafu akakumbuka tela, akaviacha, akakimbia hadi Kyeshero.

Alikuta lori la dereva aitwaye Donat limeshafungwa kwenye tela, mabawa ya lango yameng'olewa, na nyumba imekwama katikati ya nguzo mbili, matumbo ya madirisha yamebana mawe huku na huku. Mama Alliance alikuwa ndani, juu ya kitanda chake. Watu waliokuwa wakipita na mizigo walisimama kutazama.

"Nani alipima ii kitu?" Donat alifoka. "Niko na watoto benye bananingojea! Nawapa nusu saa!"

Na hapo Paul akainua mkono, akamnyooshea Bénita kidole.

"Ni ye! Uyu njo aliitengeneza! Madirisha, kitanda, mulango, yote ni kazi yake! Mi nilikuwa namushikia tu chuma!"

Alilisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu zaidi ya wale wa kanisani. Hakuna neno lililopungua. Bénita alilisikia lote, na lilikuwa tamu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akamwona Mama Alliance kwenye dirisha, ameshika vyuma vya tumbo kwa mikono miwili, anatazama barabara.

"Nipeni meule ya kukatia vyuma!" Bénita alipiga kelele. Lakini umeme ulikuwa umekatika, na jenereta ya Paul ilikuwa imetangulia Sake pamoja na makochi yake. Alichukua msumeno wa mkono akaanza kukata. Wanaume wawili walishika nyundo wakaanza kugonga nguzo. Paul aliwasihi waache ukuta wake, hawakumsikiliza, na nguzo haikuwasikiliza wao. Ardhi ilitikisika mara moja wakakimbia, wakarudi. Msumeno ulikatika meno. Bénita hakuwahi kuchomelea mshono mbaya maishani mwake, na wakati huo aliuchukia mkono wake kuliko alivyowahi kumchukia Paul.

Nusu saa ikaisha. Donat alilifungua tela kutoka kwenye lori lake, akakataa kubishana. Walimtoa Mama Alliance kupitia mlango wa mbele uliokuwa umeshatoka langoni, watu wanne, mmoja kila pembe, wakampandisha juu ya magunia lorini. Hakulia. Aliomba tu wamfunike miguu.

Muzee Hitimana alibaki chini. Alimkaribia Bénita, ambaye vidole vilikuwa vinamtoka damu, akamshika bega kama mtu anayetaka kumfariji mtoto aliyevunja sahani.

"Mama yangu, usilie. Mutu anakosaka. Haukupima portail, ile lango?"

Njia ya kujiokoa kwa uongo ilikuwa wazi. Paul alikwishakimbia, hakuna ambaye angebisha. Bénita aliangalia chini.

"Nilipima, Muzee."

Muzee alilitazama tumbo la dirisha, akaitazama nguzo. Kisha aliutoa mkono wake begani kwa Bénita taratibu, akapanda lori, akakaa kando ya mke wake na kumshika miguu ili isiteleze njiani.