Nilibadilisha Mwisho wa Kitabu cha Mama Poni

Nilimkosea mwandishi niliyempenda kuliko wote, na sasa ameshazikwa. Jina langu nalificha kwa sababu wengi mnaosoma hapa mlikuwa kwenye matanga yake. Wengine mlinikumbatia mkinipa pole. Pole hiyo sikuistahili.

Mimi ni mwanamke wa Lodwar, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi huku Kanamkemer. Mama Poni alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Aliingia kambi ya Kakuma akiwa amembeba binti yake Poni mgongoni, na leo Poni ni mama wa watoto wawili. Alikuwa akiandika hadithi za safari za angani kwa kalamu, kwenye madaftari ya shule, kwa Kiswahili. Mimi nilizichapa, na watu wakapokezana kopi mpaka karatasi zikachanika. Kule Kaaleng kuna mwalimu aliyelisomea darasa lake lote.

Vitabu vyake vilihusu chombo kimoja kilichobeba watu na mbuzi wao kwenda kutafuta dunia nyingine yenye mvua. Sisi wa huku tulijiona mle ndani.

Kosa langu lilianza dogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, "mbuzi yake imelala," "hii nyota yangu." Nikawa narekebisha, naye akashukuru. Kisha nikaanza kupunguza sentensi hapa na kuongeza pale, hakusema kitu. Polepole nikajiona kama vitabu vile nusu ni vyangu.

Mwaka jana akaniletea daftari la kitabu cha tano, cha mwisho. Alikuwa amekonda sana, figo zilimsumbua. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilikasirika. Chombo hakikufika. Mtoto aliyezaliwa humo ndani anamuuliza mama yake kama wamefika. Mama anamjibu, "Bado," anaendelea kumsuka nywele. Basi, kitabu kimeisha.

Watu wamesubiri vitabu vitano, halafu bado? Ukurasa ule sikuuchapa. Niliandika wangu: mlango unafunguka, mvua inanyesha, mbuzi wanatangulia kushuka. Nikatoa kopi bila kumuuliza.

Watu waliupenda, na hapo ndipo nilipoharibika kabisa. Nilisifiwa kwa kuchapa vizuri, nikafurahia moyoni kwamba wanasifu maneno yangu. Wasomaji wakaenda mpaka kitandani kwake kumshukuru kwa kuwafikisha. Ndipo akanipigia simu.

"Ejok, binti yangu," akanisalimia kwa Kiturkana, kama kawaida yake.

"Ejok noi, Mama."

"Watu wanasema chombo imefika. Mimi niliandika imefika?"

Daftari lake lilikuwa kwenye droo yangu. Ningelifungua tu nimsomee. Badala yake nilisema, "Ndiyo, Mama. Ni wewe uliandika. Labda ni hizo dawa zinakusahaulisha."

Kisha akasema, "Basi kichwa yangu imeanza kwenda."

Nikamwambia apumzike.

Nilipanga kwenda Kakuma wiki ile ile nimweleze ana kwa ana. Sikwenda. Wiki ya pili nikajidanganya kwamba kazi ni nyingi. Wiki ya tatu Poni akapiga simu, akaniambia mama yake amefariki.

Kwenye matanga turubai halikutosha. Walikuja Waturkana, Wakongo, Wasomali, Wasudani, na karibu kila mtu alikuwa na kopi yake mkononi. Msichana mmoja Mkongo akasimama kusoma ukurasa alioupenda. Alisoma ule wangu. Watu wakalia, wakasema Mama naye sasa amefika. Mimi nilikaa pale nikiangalia miguu yangu.

Baada ya mazishi Poni alinivuta kando. "Dada, mama alikuwa na kitabu kingine kichwani," akaniambia. "Nilimletea daftari mpya, akakataa. Alisema anaandika vitu halafu anasahau, hauamini tena mkono wake. Wewe naye mlikuwa mnaongea. Aliwahi kukuambia huko kusahau kulimwanza lini?"

Nikasema sijui. Nilirudi Lodwar na uongo wa pili.

Jumapili iliyofuata nilishindwa hata kukaa kanisani. Nilitoka nikachukua daftari, nikapanda gari la Kakuma. Poni alisoma ukurasa wa mwisho akiwa amesimama mlangoni.

"Alipokuuliza, ulimjibu nini?"

Nikamwambia neno kwa neno. Hakunipiga wala hakunitukana. Alilifunga daftari ndani ya leso ya mama yake.

"Ukurasa ningekusamehe," akasema. "Lakini mama yangu ulimfanya ajiogope."

Nikamwomba awaeleze wasomaji. Akakataa. "Utawaambia mwenyewe." Akaingia ndani.

Ndiyo maana naandika. Mtanijua tu, hata bila jina, na mkija kibandani kwangu kunisema mtakuwa na haki. Kitabu cha tano kinachapwa upya na mtu mwingine, kama alivyokiandika yeye. Kile cha sita hakuna atakayekisoma. Kilikuwa kichwani mwake, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba kichwa chake hakifai.

Ukipewa maandishi ya mtu, yachape kama yalivyo. Na mgonjwa akikuuliza kama anakumbuka sawasawa, nawe unajua kwamba anakumbuka, mwambie. Mwambie siku hiyo hiyo, usimpangie wiki.