Kibendera cha Kituo cha Sita

Jumapili ile waliniambia nifungue mfuko wangu. Mimi, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mshonaji wa Kamalondo huku Katanga, mama wa watu wazima, nimesimama katikati ya vumbi na jasho limenishuka hadi kwenye viatu, na watu ninaowapikia bukari, ule ugali wetu, kila tukitoka porini wanataka kuona kama nimeficha kitambaa chini ya chupa yangu ya maji. Nilifungua. Nilimwaga kila kitu chini: pampu, nusu mkate, dira, leso. Kibendera hakikuwemo. "Basi mumetosheka?" niliuliza. Wangenicheka ningeona nafuu.

Nieleze kwanza, maana mchezo wetu hauna watu. Mji mzima tuko tisa. Ni mashindano ya kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku kwetu, lakini barabara ya kufuata hakuna. Unapewa ramani ya pori, na vituo vimechorwa humo kwa miduara. Unaondoka peke yako, mwenzako anaondoka dakika chache nyuma yako, na kila mtu anajitafutia njia yake kwenye vijia vya wachoma makaa. Kwenye kila kituo kuna kibendera cha rangi ya machungwa na nyeupe, na kando yake kimefungwa kibanio chenye meno. Unatoboa karatasi yako, unakimbilia kituo kingine. Karatasi ikikosa tundu moja, siku yako imekufa.

Yangu ilikosa tundu la sita.

Nilikuwa wa mwisho kuondoka. Wenzangu wanane walikuwa wamenitangulia na wote wanane walikuwa na tundu lao. Mimi nilifika kwenye kichuguu kilichochorwa, pembeni ya shamba la mihogo, nikakizunguka mara tatu, nikapanda juu yake kama mbuzi. Kibendera wapi! Nikaondoka nikitukana.

"Bantu munane balikiona, weye moja hukukiona," prezida wa kilabu chetu aliniambia. Ni mwalimu wa hesabu, mtu wa kupenda vitu vilingane. "Na vibendera ni weye njo unavishona. Sasa mama, unataka tuseme nini?"

Kulikuwa na nafasi mbili za kwenda kushindana Ndola, ng'ambo ya mpaka, na moja ilikuwa yangu mpaka asubuhi ile. Lakini hata hiyo Ndola ningeisamehe. Kwetu, anayedanganya juu ya kituo hapandi tena kinga na wengine, basi. Prezida alinipa mpaka Jumamosi nilete kibendera au nilete shahidi. Nikikosa, nirudishe jezi, ambayo pia nilikuwa nimeishona mwenyewe.

Na mimi nimezaliwa na kushuku. Hata mkate wa jirani naunusa kabla sijauma. Kabla vumbi halijatulia nilikuwa nimeshawashika wawili kichwani mwangu. Wa kwanza alikuwa mwenzetu mmoja, muuguzi, aliyeondoka mbele yangu. Yeye alikuwa wa tatu kwenye orodha ya Ndola, nikitoka mimi anaingia yeye, na yeye ndiye aliyekiona kibendera mara ya mwisho. Hesabu gani nyingine mnataka? Nilimtazama mpaka akageuza uso. Wa pili alikuwa papa mpima ardhi, kwetu kila baba ni papa, mzee wetu aliyestaafu, ambaye hupanga vituo, huvizungukia nasi bila kushindania nafasi, na kuvikusanya mashindano yakiisha. Nilisema huyu magoti yanamuuma, amekiondoa mapema ili apumzike.

Jumatatu nilimfuata kwake Ruashi. Alinipa kiti, akanipa maji, nikayatazama yale maji kwanza.

"Mama, miye niliokota vyote, ya sita sikuiona," alisema. "Nilizani ni weye unayo."

Kumbe mtu niliyekuja kumshuku alikuwa ananishuku mimi! Nilikunywa maji yake kwa hasira, nikarudi.

Ningepaswa kujua kwamba tulikuwa tukitazamana sisi kwa sisi bure. Hapa Katanga mtu anayetembea porini na ramani hajaja kucheza. Polisi wametusimamisha wakitaka karatasi ya ruhusa ya kutafuta madini. Siku moja wachimbaji, wale krezeri wa mikono mitupu, walitufuata asubuhi nzima kwa mbali, na mahali tuliposimama kuziba tairi, tuliporudi tulikuta wamechimba shimo la kumeza mtu. Tulicheka sana siku ile. Nyumbani kwangu pia wanacheka. Dada yangu anauliza kila mara ni mpira gani huo usiokuwa na mpira.

Jumatano nilifunga cherehani nikapanda kinga peke yangu hadi kwenye kile kichuguu. Nilifika jua likiwa limeanza kuchoma. Shamba nililoliona Jumapili likiwa kijani lilikuwa limechimbuliwa nusu. Miti ya mihogo ilikuwa imelala ovyo, majani yamenyauka, na udongo umefunuka mwekundu. Nusu nyingine ilikuwa bado imesimama. Nikasema, aka! nani anang'oa mihogo mitoto hivi?

Mbele ya nyumba ya matofali ya udongo alikaa mama mmoja, amenizidi kama miaka ishirini, anamenya mizizi myembamba kama vidole.

"Yambo, mama," nilisema.

Alitazama kinga, akatazama dira iliyoning'inia shingoni mwangu. "Leo njo unasalimia?"

Niliilaza kinga chini.

"Siku ya Mungu mulipita hapa bantu tisa, nilibahesabu," alisema, na kisu hakikusimama. "Moja anafika, anatazama shamba yangu, anatoboa karatasi, anakimbia. Mwingine anafika, vile vile. Hata moja hakuniambia yambo. Muntu mwenye kukuya na roho muzuri, anapita ku shamba ya muntu bila kusalimia?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwona. Alisimama na jembe, nikampita karibu kiasi cha kumgusa. Kwenye mashindano hatusalimii. Haikuandikwa popote, lakini kila mgeni tunamfundisha siku ya kwanza: ukisema yambo, utaulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mjini, na saa inakwenda. Wala sikumuuliza kama amekiona kibendera. Nilisema moyoni, huyu atanidanganya.

"Mama, kile kitambaa kilikuwa pale ku kichuguu, uko nacho?"

"Iko mu nyumba. Na haitatoka."

Akanieleza, taratibu, kama unavyomweleza mtu unayejua anajua. Zamani alikuwa akilima upande wa Kambove. Watu wa kampuni walikuja na ramani, wakapanda vitambaa juu ya vijiti, wakaenda bila neno. Juma halikuisha, mashini zikaja zikazika kila kitu, maharage na mihogo. Waliokuwa wameng'oa kitambaa na kukipeleka kwa chifu walipewa shamba lingine. Wengine waliambiwa hawakuwa na shamba pale. Yeye alikuwa katika hao wengine. Kwa hiyo safari hii, mtu wa nane alipopita, aliweka jembe chini akakichukua kitambaa kwanza. Halafu akaanza kuchimbua mihogo, mashini isije ikamkuta nayo udongoni.

"Mama, ile haiko ya kampuni," nilisema. "Ni muchezo."

"Muchezo?"

"Tunashindana na kinga. Unatafuta kitambaa, unatoboa karatasi, unarudia."

Alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Bantu bazima, na mvi mu kichwa, banachora shamba ya muntu juu ya kucheza."

Nikafanya ujinga mwingine. Nilitoa ramani ili nimwonyeshe. Alifuta mikono kwenye kitenge, akaweka kidole.

"Hii ni nini?"

"Ni kichuguu."

"Na hii?"

"Ni kisima chako."

"Na hii ni nyumba yangu." Nilitikisa kichwa kukubali. "Munaandika mpaka kisima yangu," alisema, "halafu unaniambia ni muchezo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimemletea ung'ongo mkononi. Lakini niseme kweli, siku ile sikumhurumia sana. Nilikasirika. Siku tatu nilikuwa nikiwaomba watu waniamini, na sasa mwingine huyu hapa. Alipoinuka kwenda kisimani nilitazama mlango wa nyumba yake, ulikuwa wazi, na nilifikiri kuingia. Niliogopa tu kwamba angenikuta. Niliporudi barabarani nilimwita kwa mbali, nikamwambia, mama, nusu iliyobaki iache, nakuomba, hakuna mashini inayokuja. Alikuwa ameshachukua jembe.

Jioni hiyohiyo nilimweleza papa mpima ardhi kwa simu. Akasema, "Twende kesho, weye na miye. Nitamuonyesha ile kazi yote vile iko." Nikamwambia hapana, tungoje Jumamosi, waje wote waone.

Jumamosi tulikwenda wote tisa. Shamba lilikuwa jeupe. Hakuna mti mmoja wa muhogo uliosimama, na pembeni ya nyumba kulikuwa na lundo la mizizi, lundo dogo la kushangaza kwa shamba la ukubwa ule. Kila mmoja wetu alimsalimia mama, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Alipokea zile yambo tisa bila kuinuka. Prezida hakuwa na habari na mihogo, alitaka kibendera. Nilimwambia ngoja.

Papa mpima ardhi alipanda vibendera vinne kuzunguka makao ya yule mama, akamchorea ramani ndogo kwa kijiti mavumbini, akamwambia, "Tazama tu, mama." Tukaanza. Muuguzi alirudi wa kwanza. Mimi nilirudi wa tatu. Prezida, mwalimu wa hesabu, tulimngoja, tukamngoja, mpaka tukamwona anatokea upande usiokuwa wake, suruali imechanika gotini, anageuza ramani huku na huku.

"Eh! Ule papa anapotea karibu na choo yangu!" mama alisema, na akacheka mpaka akajishika mbavu. Safari hii kilikuwa kicheko chenyewe. Na prezida alipogundua kwamba karatasi yake ina matundu matatu badala ya manne, akaanza kubishana na papa mpima ardhi, kwamba kibendera kiliwekwa vibaya, na wengine wakaingia, kila mtu anapiga kelele juu ya tundu la sindano. Mama aliwatazama kwa muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoamini. Watu wa kampuni hawagombani hivyo.

Aliingia ndani akatoka na kibendera changu, kimekunjwa vizuri kama kitambaa cha kanisani, kibanio ndani yake. Akanipa mimi. Niliutambua ushono wangu. Prezida alikiinua juu akasema kwa sauti kubwa kwamba mimi sikudanganya, na kwamba Ndola nitakwenda. Wakanipigia makofi. Muuguzi naye alipiga, na alikuja kunikumbatia. Nilifurahi. Sitajifanya, nilifurahi, nikageuka huku na huku nihakikishe kwamba wote wanane wanaona.

Yule mama alikuwa ameacha kucheka.

"Basi hakuna mashini inakuya?" aliuliza.

"Hakuna, mama," papa alijibu.

"Hakuna muntu anakamata shamba?"

"Hakuna."

Alitazama shamba lake. "Ilibakia mwaka muzima mu udongo ndio ikomae," alisema. "Mwaka muzima."

Makofi yaliisha yenyewe. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba samahani, kwa ajili ya kitambaa na kwa ajili ya kupita bila neno.

"Samahani haipikwe bukari, mutoto yangu," alisema, bila ukali. Kisha aliniangalia mimi peke yangu. "Lakini siku ile ulikuya peke yako, nusu ilikuwa ingali mu udongo. Huyu papa ananieleza leo, nimesikia mara moja. Juu ya nini hamukukuya kesho yake?"

Papa mpima ardhi alitazama chini. Wenzangu wote walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, wote wanane, kama nilivyotaka.

"Tulikuwa na kazi, mama," nilisema. "Kazi ilikuwa mingi."

"Ah, kazi," alisema. "Ndiyo, kazi ni kazi." Akaniamini.