Barua Tisa za Komeo

Kwa miaka kumi na miwili Komeo alisimama mlangoni mwa ukumbi wa dansi, na pua alizozivunja pale hakuwahi kuzihesabu. Jina hilo alipewa na wapiga muziki, maana akishasimama yeye, basi, pamefungwa. Alikuwa na kifua kama kabati. Mlevi akileta za kuleta, Komeo hakupoteza maneno: alimkamata ukosi, akamgongesha kichwa kwenye mwimo wa mlango, akamtupa nje, kisha akarudi kuchana tiketi za wengine kama vile amefuta vumbi tu. Tusidanganyane, alipenda kupiga. Alilala vizuri siku aliyopiga.

Hadi siku alipompiga mtu mwenye kigugumizi. Mtu yule alikuwa akijitahidi kusema neno, mate yanamtoka, mkono kautia ndani ya koti. Komeo akaona mlevi, tena mwenye kisu. Akamtandika ngumi moja tu, ya mkono wenye pete, na jicho la kulia likapasuka palepale. Mtu alipoanguka, mkono ukatoka kwenye koti na kile alichokuwa anakitafuta kikaangukia kwenye damu. Ilikuwa tiketi, halali kabisa, imekunjwa mara mbili.

Alifungwa miezi kumi na minne. Huko gerezani akakutana na wenye vifua vipana kuliko chake, wakamkanyaga goti mpaka likapinda upande. Alitoka anachechemea, hana kazi, na hakuna ukumbi uliomtaka. Dada yake ndiye aliyemchukua.

Dada alikuwa fundi cherehani aliyefungua tovuti. Aliweka humo michoro ya kukatia nguo na mafunzo ya mishono, na ndani kabisa akaweka ukumbi wa wanachama, ambao mtu haingii bila kulipa ada ya mwezi. Kila mwanachama alikuwa na ukurasa wenye picha za kazi zake, namba ya simu na mahali anapofanyia kazi, kwa sababu mafundi hupeana wateja na kuazimana sindano. Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma ya duka: meza mbili, feni inayolalamika, na magunia ya vipande vya vitambaa ambavyo Dada hakukubali vitupwe. Komeo alipewa meza ya pembeni na kazi ileile ya zamani, kulinda mlango. Kila aliyejiandikisha alipita mbele yake kwanza, na kwenye kompyuta yake palikuwa na vitufe viwili, Kubali na Kataa.

"Ila hapa si kwenye dansi, mdogo wangu," Dada alimwambia siku ya kwanza. "Ukimkataa mtu, unamwandikia barua. Unamwambia kosa lake kwa heshima, ili kama ni mtu wa kweli arekebishe, arudi."

Mtu mwingine angeona ni usumbufu. Komeo aliipokea sheria ile kama dawa. Aliandika kwa vidole viwili, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila alipoandika alikuwa akiiona ile tiketi kwenye damu. Hakutaka tena kumpiga mtu mwenye haki ya kuingia. Kwa hiyo barua zake zilikuwa ndefu, zenye upole, na zilieleza kosa bila kuficha kitu. Dada alimtania kwamba anawabembeleza anaowakataa kuliko alivyowahi kumbembeleza mwanamke yeyote.

Mwanamke aliyejiita Mama Lesi alipiga simu kabla ya kujiunga. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea huku akitazama mlango.

"Huo ukurasa wangu utaonwa na nani?"

"Wanachama tu, mama."

"Na mwanachama anaingiaje?"

"Anapitia kwangu. Hapiti mtu sijamkagua."

Mwanamke akayamwaga yote, bila kulia. "Mume wangu ni mpima viwanja. Mtu mpole, hana haraka. Sikio langu la kushoto alilikata kwa mkasi wangu mwenyewe, halafu akanawa, akakaa mezani, akala. Akasema nikiondoka, mkono utafuata. Nimeondoka. Nataka kazi, kaka yangu. Lakini nataka na kuishi."

Damu ilimchemka Komeo hadi masikioni. "Akitaka kupita hapa, atanikuta mimi," alisema, na kila neno alilimaanisha.

Mwanamke akajiunga kwa jina hilo la Mama Lesi, bila picha ya uso. Lesi zake zilikuwa moto. Wateja aliopelekewa na wenzake walimjaza kazi, na baada ya miezi mitano Dada akaweka picha ya gauni lake moja la harusi kwenye ukurasa wa mbele, ule unaoonwa na kila mtu. Hakuandika jina wala mahali. Hakuna aliyefikiri kwamba mwanamume aliyeishi na fundi miaka tisa anautambua mshono wake.

Baada ya hapo ndipo yalipoanza mashambulizi. Wezi wa kadi za benki waliigundua tovuti. Huwa wanatafuta mlango mdogo wa kujaribia kadi walizoiba. Kadi ikikubali kulipa ada hapo, wanakwenda kuifyonza kwingine. Walikuja arobaini kwa siku, hamsini kwa siku, na majina ya ajabu ajabu na anwani za mitaa isiyokuwepo. Komeo aliwavalia njuga. Alikaa kwenye kiti kama bondia kwenye kona yake, akabonyeza Kataa, Kataa, Kataa, huku akinguruma, "Lala! Na wewe lala!" mpaka wateja wa duka la mbele wakauliza kuna nini huko nyuma. Ile raha ya zamani ilimrudia, nami sitamfichia. Alihisi vifundo vya ngumi vikimwasha.

Na wote aliwaandikia barua. Wezi hawakujibu hata mmoja, ila kuna mwombaji mmoja aliyekuwa akirudi. Komeo hakumtambua kuwa ni mmoja, kwa sababu kila mara alikuja na jina jingine la kike, katikati ya fujo ile.

Kwanza jina halikufanana na la kwenye kadi, Komeo akamweleza hivyo. Siku iliyofuata yakaja majina yanayofanana, lakini simu haikuita, akamweleza. Kisha simu ikaita ila akapokea mwanamume. Akaomba kwa adabu apokee mhusika mwenyewe. Ikaja sauti ya kike bila picha ya kazi, kisha picha iliyoibwa kwingine, na kwa kila moja Komeo akaandika barua. Mara ya sita blauzi ilikuwa ya kweli ila vifungo vilishonwa upande wa kiume, naye Komeo, ambaye Dada alimfundisha mambo haya kwa kumchapa rula, akaandika aya nzima kuhusu upande wa vifungo. Mara ya saba ilikosewa namna ya kukata mahameli. Akaeleza kwamba manyoya yote lazima yalale upande mmoja. Mara ya nane alisema tu kwamba mwombaji hakutaja ni nani aliyemfundisha ufundi.

Mara ya tisa hapakuwa na kasoro. Saa nne asubuhi Komeo akabonyeza Kubali, na barua ya kumkaribisha ikaenda. Alifurahi kumpata hatimaye mtu wa kweli katika siku zile za majambazi.

Saa sita Dada aligeuza kiti chake. "Huyu mgeni wako wa leo ana mambo," alisema akicheka. "Ukumbi mzima huu, kafungua ukurasa mmoja tu. Mama Lesi. Mara kumi na moja."

Komeo akazifungua barua zake za siku zile, akazipanga kwa tarehe, na ndipo akaona. Kila kosa alilolieleza lilirudi kesho yake limesahihishwa, sauti ya kike na blauzi bila shaka vya kuazima. Alikuwa amemshika mtu mkono, hatua kwa hatua, akimfundisha kuwa fundi. Akampigia Mama Lesi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita tena.

"Polisi!" alimpigia kelele Dada. "Waite polisi, wapeleke kwa Mama Lesi!" Akatoka na goti lake bovu, akarukia pikipiki ya kwanza aliyoiona mtaani, akamtajia dereva mtaa, akamwambia akimbize, na kwamba yeye mwenyewe asiposhuka akiwa mzima ni sawa tu.

Chumba cha Mama Lesi kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya seremala, na msumeno wa seremala ulikuwa ukinguruma kiasi kwamba hakuna ambaye angesikia ukelele. Mlango ulikuwa umefungwa. Komeo aliupiga bega mara mbili, bawaba zikang'oka.

Mume alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mwanamke alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, kitambaa cha lesi kimesokomezwa mdomoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa juu ya ubao wa kukatia. Kichwa cha cherehani, kile cha chuma kitupu, kilikuwa mikononi mwa mume. Alikuwa amekwisha kukishusha zaidi ya mara moja. Vidole havikuwa na umbo la vidole tena.

Komeo alimvamia na wote wawili wakaangukia kwenye meza, meza ikakatika miguu. Mpima viwanja hakuwa mnyonge. Alipapasa sakafuni, akaupata mkasi, akamkita Komeo pajani, akauchomoa, akamkita tena begani. Komeo aliusikia ukigonga mfupa. Akamshika kichwa kwa nywele akakigongesha kwenye sakafu, akakiinua, akakigongesha tena, na meno yakatawanyika kama vifungo. Kisha ngumi. Alipiga pua, ikaisha. Alipiga taya, likahama. Alipiga hata baada ya mtu kunyamaza, mpaka seremala na wenzake wawili walipomkuta na kumbeba juujuu, bado mikono inakwenda hewani. Ilikuwa kazi ileile ya zamani, aliifanya vizuri kuliko siku zote, na haikurudisha kidole hata kimoja.

Polisi walimchukua mume kwa machela. Aliishi, kwa bahati mbaya, na ushahidi ulikuwa mwingi. Huko gerezani aliko hatatoka karibuni. Dada alilia siku mbili akisema kosa ni lake, sheria ya barua ni yake. Komeo alimwambia anyamaze. Vidole vilivyoandika vilikuwa vyake.

Siku ya nne, akiwa na bandeji begani na gongo kwapani, alikwenda wodini. Mama Lesi alikuwa ameegemea mto. Mkono wa kulia uliishia kwenye kifundo, bandeji nene imeufunga. Watu wa wodi ile walikwisha kumwambia kwamba anayekuja ni yule aliyemwokoa, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaanza hata kumpigia makofi. Komeo akamwomba aache.

Akavuta kiti. "Dada yangu, mimi ndiye niliyemwingiza," alisema. "Nilimkataa mara nane. Kila mara nikamwandikia kosa lake, naye akalirekebisha. Mara ya tisa nikamkubali."

Mwanamke hakupandisha sauti.

"Hizo barua unazo?"

"Ziko kwenye simu."

"Nisomee."

"Dada yangu..."

"Nisomee zote."

Akamsomea. Alisoma ya jina na kadi, ya simu isiyoita, ya mwanamume aliyepokea. Kwenye ile ya vifungo mwanamke alifumba macho. Kwenye ile ya mahameli alisema taratibu, "Nilimfundisha hilo mwaka wa kwanza wa ndoa. Kumbe hakuwa akisikiliza." Komeo akamaliza ya nane, akafunga simu, akainamisha kichwa.

"Umesema alikuja mara tisa," Mama Lesi alisema.

"Ndiyo."

"Ya tisa inasemaje?"

Komeo alijaribu kujibu, sauti ikakwama. Mate yakamjaa mdomoni, neno likagoma kutoka. Mwanamke alingoja, mkono wake mfupi juu ya shuka. Mwishowe Komeo akaifungua tena simu na kusoma.

"Karibu sana ndani. Tumekukagua, tumeridhika na wewe. Humu ni nyumbani, jisikie salama."