Visiki vya Rasbura

Asubuhi ile niliondoka Tingi kwa sababu moja tu: lori la ufuta lilikuwa linaondoka na dereva hakunikataza kupanda. Lilipofika Rasbura, mjini Lindi, nikashuka.

Kando ya barabara kijana mmoja alikuwa anahangaika na futi kamba ya kupimia ardhi peke yake. Nikamshikia ncha. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sijaacha. Akanieleza kuwa yeye ni mthamini, ametumwa na tajiri anayetaka kununua kiwanja kile ajenge ghorofa la kupangisha familia nyingi.

Mwenye kiwanja, bibi mjane, akatutandikia mkeka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwa mthamini. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, hakuna hata jani. Visiki vya minazi vilikuwa bado vibichi.

"Minazi imekwenda wapi, bibi?" mthamini akauliza.

"Nimeikatisha, mjukuu wangu. Na mihogo nimeing'oa. Mgeni wa heshima apokelewe porini?"

"Ungeiacha. Mnazi una bei yake. Kisiki hakina."

Mthamini akacheka. Bibi yule hakuwa na kingine cha kuuza. Bei ya kiwanja ndiyo ingekuwa nyumba yake ya uzeeni, na adabu yake kwa mgeni ndiyo hiyo inageuzwa kuwa hasara yake.

Simu ya mthamini ikalia. Akasogea pembeni, lakini mimi nilikuwa bado nimeshika ncha ya kamba, nikamsikia.

"Ni pazuri, bosi. Barabara ipo, maji yapo, ghorofa tatu zinakaa bila shida. Wapangaji watapagombania."

Akarudi. "Bibi, hili ni shamba tupu. Usitarajie makubwa."

"Mbona kwenye simu lilikuwa na ghorofa tatu?" nikamwuliza.

"Wewe nani hapa?"

"Mshika kamba."

Bibi akaitazama kamba. "Kamba si ni hiyo hiyo? Kwa tajiri inapima ghorofa, kwangu inapima visiki. Mwambie aje mwenyewe. Kidole changu hakigusi wino wa mkataba leo."

Mthamini akakunja kamba yake, akaondoka bila kuaga. Nimezurura miji mingi, na hata mimi huaga.

Bibi akanigeukia. "Na wewe unalala wapi?"

"Sijui bado."

"Kuna chumba cha uani, ila utoe kuku. Utakaa mpaka tajiri aje. Uliyoyasikia, utayasema mbele yake."

Nikaweka mfuko wangu mlangoni, nikaanza kuwatoa kuku.